Mabango na makopo ya mashujaa: Kilichotupwa ndicho chenye bei

KOPO tupu la mafuta ya kupikia likipelekwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu mjini Morogoro huwekwa kwenye mizani na kulipiwa kwa kilo. Kopo hilohilo, kama rangi yake bado ipo, mfuniko haujapotea na anuani ya kiwanda inasomeka, kwa mkusanyaji huuzwa peke yake wala uzito wake hauulizwi. Pengo kati ya bei hizo mbili ndilo linaloyafanya mabango, majarida na vifungashio vya zamani kuwa bidhaa.

Miongoni mwa bidhaa hizo, zinazotafutwa sana duniani ni zile zenye picha za mashujaa. Huko Marekani ni Superman, Batman, Spider-Man na wenzao. Afrika Mashariki ni mashujaa wa majarida ya picha, wa sinema na wa matangazo ya biashara, ambao picha zao zilibandikwa ukutani na kuishia kufungia karanga.

Hata hivyo, mfanyabiashara anayefikiria kuingia katika soko hili anapaswa kujua jambo moja kabla hajatoa shilingi yake. Umri peke yake hauna bei. Kinachopanda thamani ni kile ambacho karibu kila mtu alikitupa. Kile ambacho kila mtu alikihifadhi, mara nyingi hushuka.

SOMO LA SUPERMAN

Mfano mzuri unatoka Marekani. Mwaka 1938 kilitoka kitabu cha katuni kiitwacho Action Comics nambari 1, ambamo Superman alionekana kwa mara ya kwanza. Bei yake ilikuwa senti 10 na zilichapishwa takriban nakala 200,000. Watoto walizisoma mpaka zikachakaa, wakabadilishana, na nyingine zikatupwa wakati wa kusafisha nyumba. Vita Kuu ya Pili ilipofika, karatasi kuukuu zilikusanywa kwa ajili ya viwanda na vitabu vingi vya katuni vikaenda huko. Nakala zilizosalia zinakadiriwa kuwa mia moja hivi. Aprili 2024 moja kati ya hizo iliuzwa kwenye mnada wa Heritage Auctions kwa dola milioni 6.

Upande wa pili wa shilingi ulionekana Novemba 1992. Kampuni ya DC Comics ilitoa Superman nambari 75, toleo la kifo cha shujaa huyo. Nakala maalumu zilifungwa katika mfuko mweusi wa plastiki, ndani yake mkiwa na bango na kitambaa cheusi cha kuvaa mkononi. Ziliuzwa nakala zaidi ya milioni 6. Watu wengi walinunua tano au kumi na kuzifungia kabatini bila kufungua mfuko, wakiamini kwamba zitakuja kuwasomesha watoto wao.

Tatizo ni kwamba wote waliwaza hivyo siku moja. Mifuko iliyofungwa ipo tele hadi leo na bei yake ni ndogo. Katikati ya miaka ya 1990 soko hilo liliporomoka, maduka mengi ya vitabu vya katuni yakafungwa, na Desemba 1996 kampuni ya Marvel, mmiliki wa Spider-Man, iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake.

Kwa mwekezaji mdogo, maneno kama "toleo maalumu kwa wakusanyaji" yakiwa yamechapwa juu ya kasha ni onyo. Kiwanda kinapotangaza kwamba kitu ni adimu, kimekwishachapa vya kutosha.

MASHUJAA WA KWETU

Afrika Mashariki ilikuwa na shujaa wake wa karatasi kuanzia miaka ya 1960. Aliitwa Lance Spearman, maarufu kama The Spear, katika jarida la African Film lililotolewa na Drum Publications, kampuni ya Jim Bailey. Hadithi hazikuchorwa bali zilipigwa picha, na Spearman aliigizwa na Jore Mkwanazi. Hakuruka angani kama Superman. Alivaa kofia na tai ya kipepeo, aliendesha gari la kifahari na kuwasaka majambazi, naye alikuwa Mwafrika. Vijana wa mijini walimfuata toleo kwa toleo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Nchini Tanzania, Faraji Katalambulla, mwandishi wa riwaya ya Simu ya Kifo ya mwaka 1965, alifuata njia hiyo ya hadithi za picha kwa jarida la Film Tanzania. Katika miaka ya 1980 lilikuja Sani, lenye wahusika wa katuni kama Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Kipepe na Madenge. Hao si mashujaa wenye nguvu za ajabu, bali ni sura ambazo Mtanzania wa umri fulani huzitambua hata akiona kipande cha ukurasa tu.

Wapo pia mashujaa waliobuniwa na kampuni ili kuuza bidhaa. Anayejulikana zaidi ni Michael Power, shujaa wa matangazo ya bia ya Guinness, aliyeanza mwaka 1999 na kutumika katika nchi kadhaa za Afrika ikiwemo Kenya. Mwaka 2003 aliongoza filamu nzima iitwayo Critical Assignment. Kampeni hiyo imekwisha, na mabango yake ni ya kundi ambalo wenye baa huyang'oa tangazo jipya linapofika. Nchini Kenya, mwaka 2010 kilianza kijarida cha katuni cha Shujaaz kilichogawiwa bure, ambacho baadaye kiliingia Tanzania. Nakala zilikuwa nyingi sana, lakini kitu cha bure hakiwekwi sandukuni, hivyo nakala safi za mwanzo zinastahili kuangaliwa.

Kwa Morogoro yenyewe, shujaa aliyebandikwa ukutani zaidi ni wa gitaa. Mbaraka Mwinshehe aliipa jina Morogoro Jazz, akaanzisha Super Volcano mwaka 1973 na kufariki katika ajali ya gari nchini Kenya Januari 1979. Kabla yake alikuwapo Salum Abdallah wa Cuban Marimba, aliyefariki mwaka 1965. Majalada ya sahani zao za santuri yana wanunuzi hadi Ulaya. Bango la dansi lenye jina la ukumbi na tarehe ni adimu zaidi, kwa sababu lilichapwa kwa ajili ya usiku mmoja.

KWA NINI YAMEBAKI MACHACHE

Katika nchi tajiri vifungashio vilitupwa jalalani. Hapa vilitumiwa mpaka vikaisha. Kopo la Kimbo, Blue Band au Africafe liligeuka koroboi, kipimo cha mchele, chombo cha kuhifadhia chumvi au kopo la kuchotea maji. Jarida lilifungia vitumbua. Katika miaka ya mwanzo ya 1980, bidhaa zilipoadimika madukani, kopo lenye mfuniko lilikuwa mali ya jikoni na hakuna aliyefikiria kulihifadhi kwa ajili ya picha yake.

Mabango ya sinema nayo yalikuwa na safari yake. Filamu zilizunguka mji kwa mji, na bango lililotumika Dar es Salaam liliweza kuendelea na safari hadi Morogoro na mikoani. Kila kituo kiliongeza tundu la pini na alama ya gundi. Kumbi zilipodhoofika kutokana na video katika miaka ya 1980 na 1990, karatasi hizo hazikuwa na kazi tena.

Vilevile kuna uchache unaotokana na kiwanda chenyewe. Kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kilikusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka. Hakikukaribia lengo hilo, na mwaka 1990 kilifungwa. Lebo au kasha linaloweza kuthibitishwa kuwa la kiwanda hicho ni adimu kwa asili yake, na linabeba hadithi ambayo wachumi wa dunia nzima wameisoma.

MALI HUPITIA WAPI

Mlango wa kwanza ni karatasi kuukuu zinazouzwa kwa wachuuzi kwa ajili ya kufungia. Wa pili ni vyuma chakavu. Katika njia hizo mbili anayefika kabla ya mizani hupata mali kwa bei ya uzito. Wa tatu ni nyumba za zamani, hasa familia za waliokuwa walimu, makarani, wafanyakazi wa reli na wenye maduka. Hapo inafaa kusema wazi unachotafuta na kwa nini. Mnunuzi anayemlaghai bibi wa Matombo kwa kopo moja atafungiwa milango ya kijiji kizima.

Mlango wa nne ni belo la mitumba, na ndimo mashujaa wa Marekani wanamoingilia Morogoro wakiwa halisi. Fulana iliyotengenezwa kutangaza filamu ya Batman ya mwaka 1989, iliyotolewa sadaka huko Marekani, inaweza kutokea sokoni ikiwa imechanganywa na fulana nyingine na kuuzwa bei sawa nazo. Mashona ya mstari mmoja kwenye pindo la mkono ni dalili ya fulana iliyotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1990. Lakini mwaka uliochapwa kwenye fulana usisomwe kwa haraka. Fulana nyingi za Batman za mwaka 1989 zimeandikwa 1964, ambao ni mwaka wa hakimiliki ya nembo na si wa fulana.

Mabegi ya shule na blanketi mpya zenye Spider-Man zilizojaa madukani ni habari nyingine. Hizo ni bidhaa za kawaida, nyingi hazina kibali cha mwenye picha, na kuzirundika kwa kungoja miaka 20 ni kurudia kosa la mfuko mweusi.

KUTAMBUA HALISI NA BANDIA

Bei ikipanda, waigaji hufika. Kioo cha kukuzia maandishi ni chombo cha kwanza cha kazi hii. Picha iliyochapwa kwa mtambo wa zamani wa rangi huonyesha vitone vilivyopangwa kwa utaratibu. Nakala ya printa ya kompyuta huonyesha vinyunyizo visivyo na mpangilio. Karatasi ya zamani huwa na manjano zaidi kingoni kuliko katikati. Iliyolowekwa kwenye chai ili izeeke huwa na rangi ileile kila mahali.

Mabango ya sinema ya Marekani yalikuwa na kipimo maalumu, inchi 27 kwa 41, na hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kawaida yalisafirishwa yakiwa yamekunjwa. Bango la filamu ya Superman ya mwaka 1978 lisilo na alama ya mkunjo na lenye vipimo vingine linastahili maswali kabla ya fedha.

Kwa makopo na makasha, maandishi madogo husema zaidi ya picha. Mistari myeusi inayosomwa na mashine dukani ilitumika kwa mara ya kwanza Juni 1974 huko Ohio, Marekani, kwenye pakiti ya ubani wa kutafuna. Kopo lenye mistari hiyo si la miaka ya 1960, hata muuzaji aape namna gani. Uzito ulioandikwa kwa ratili na aunsi huashiria umri mkubwa kuliko gramu. Jina la Tanganyika ni dalili nzuri ya kabla ya Aprili 1964, lakini si uthibitisho, kwani kiwanda cha Tanganyika Packers cha Kawe kiliendelea na jina hilo miaka mingi baada ya Muungano.

Historia ya mpaka nayo husaidia. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa Februari 1977 na kufunguliwa Novemba 1983. Kopo la Kenya lililokaa Morogoro siku zote huenda liliingia kabla au baada ya kipindi hicho, isipokuwa lile lililopita njia za panya.

UNYEVU WA ULUGURU

Mali inayotoka milimani huwa na adui wake. Upande wa mashariki wa Uluguru, kama Kinole na Matombo, hupata mvua nyingi kuliko upande wa Mgeta. Karatasi hushika ukungu na bati hushika kutu. Mchwa na mende humaliza kilichobaki. Kwa upande mwingine, moshi wa jikoni hufukuza wadudu lakini huacha masizi.

Kosa linalopoteza fedha nyingi zaidi ni kutengeneza. Kopo lisisuguliwe kwa steelwire wala kupakwa rangi. Bango lisibandikwe utepe wa gundi, lisikatwe kingo zilizochanika, wala lisifungwe ndani ya plastiki kwa moto. Mkusanyaji hununua kuzeeka kwa kweli na hukimbia marekebisho. Kitambaa kikavu kwa kopo na brashi laini kwa karatasi vinatosha. Baada ya hapo karatasi ilazwe katikati ya karatasi safi nyeupe, juu ya rafu na mbali na jua, kwa sababu rangi nyekundu huwahi kupauka.

Jambo la pili ni daftari. Kila kitu kiandikwe kilinunuliwa wapi, lini, na mwenyewe alikipataje. Bango lenye historia iliyoandikwa huuzika kwa urahisi kuliko bango lilelile lisilo na maelezo.

HESABU YA MTAJI

Hapa ndipo wengi huumia. Chukua mfano wa mfanyabiashara mwenye shilingi 100,000 anayechukua kabichi kutoka Mgeta na kuuza mjini. Tuseme baada ya gharama zote anabaki na faida ya asilimia 5 kwa wiki, yaani shilingi 5,000, naye anafanya kazi wiki 50. Mwisho wa mwaka amepata shilingi 250,000, na mtaji wake bado upo.

Sasa achukue shilingi 100,000 hizohizo na kununua bango moja. Ili bango limlipe sawa na kabichi, ni lazima aliuze kwa shilingi 350,000 ndani ya mwaka huohuo, bila kuhesabu nauli, ghala, mchwa wala siku alizozunguka kutafuta mnunuzi. Likikaa miaka miwili, lipate shilingi 600,000. Kabichi huoza baada ya siku chache, lakini hurudisha fedha. Bango halina haraka ya kuoza wala ya kulipa.

Kwa hiyo mtaji unaozunguka usiingizwe katika karatasi, na ada ya shule isiingizwe kabisa. Fedha inayofaa ni ile ambayo mwenyewe hataihitaji, na njia inayofaa zaidi ni ya muuza mitumba, mnunuzi wa vyuma chakavu au mwenye duka ambaye tayari hushika mali hiyo kila siku. Kwake gharama ya kutafuta haipo. Anachohitaji ni jicho.

NANI HUNUNUA

Wanunuzi ni wa aina tatu. Wenye hoteli, migahawa na baa hutaka picha nzuri ya kupamba ukuta na hawajali sana kama ni halisi. Watu waliokulia Afrika Mashariki na sasa wako ughaibuni hununua utoto wao, hivyo hutaka kopo au jarida walilolijua wenyewe. Watafiti na wakusanyaji wa kweli hulipa kwa uhalisi, ukamilifu na historia. Kumpelekea mnunuzi wa aina moja mali ya mwingine ni kupoteza siku.

Bidhaa hizi hazina bei elekezi kama mahindi. Bei inayosomwa kwenye mnada wa intaneti isichukuliwe kama ahadi. Kinachotazamwa ni bei ambayo vitu kama hivyo vimekwishauzwa, si ile ambayo wenye navyo wanaomba. Aidha, kuuza bango halisi ni biashara, lakini kuchapa upya picha ya Batman au ya msanii wa Tanzania na kuiuza bila ruhusa ni kosa chini ya sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999.

SOKO KWA UFUPI

Majarida ya hadithi za picha ya miaka ya 1960 na 1970: Mali ni chache, hasa yenye jalada na kurasa zote. Yanafaa kununuliwa hata yakiwa yamechakaa kiasi.

Mabango ya dansi na majalada ya santuri ya Morogoro: Wanunuzi wapo ndani na nje. Tarehe na jina la ukumbi huongeza thamani.

Makopo na makasha: Yachaguliwe yenye rangi, mfuniko na maandishi. Yaliyoliwa na kutu yabaki kwenye mizani ya vyuma chakavu.

Fulana za mashujaa kutoka mitumba: Hatari ni ndogo kwa sababu bei ya kununulia ni ya kawaida. Ndizo za kujifunzia.

Matoleo maalumu na bidhaa mpya zenye picha za mashujaa: Mtu anunue akitaka kuvaa, kusoma au kumpa mtoto. Si mali ya kuweka.